Bei ya Protoni Moja

Chukua utando wa zambarau wa vijidudu wapenda chumvi, uutandaze juu ya meza yenye eneo la mita 1 ya mraba, tabaka moja tu, bila kupandana. Utahitaji miligramu 5 hivi. Punje moja ya mchele ni nzito kama mara nne ya hapo. Hata hivyo, ndani ya miligramu hizo 5 mna pampu nyingi mno: idadi yake ni 89 ikifuatwa na sifuri 15. Kila pampu ikipigwa na mwanga huchukua protoni upande mmoja wa utando na kuachia protoni upande wa pili. Weka meza hiyo juani saa sita mchana, jumlisha kazi ya pampu zote, utapata wati 0.03 hivi. Umeme wa kiasi hicho unakaribia kuwasha kile kitaa chekundu kinachoonyesha kwamba televisheni imeunganishwa. Paneli nzuri ya sola yenye ukubwa uleule, juani palepale, hutoa wati 200.

Nimeanza na hesabu hii inayokatisha tamaa kwa makusudi. Pampu hizi za protini husifiwa mno kama chanzo cha umeme wa kesho, na naona sifa hiyo haizitendei haki. Thamani yake ni lazima itafutwe kwenye bei, yaani kile seli inacholipa kuijenga pampu, na muda inaochukua pampu hiyo kurudisha gharama. Hapo ndipo tarakimu zinapogeuka.

Kwanza historia, kwa ufupi. Mwaka 1971 Dieter Oesterhelt na Walther Stoeckenius, wakifanya kazi San Francisco, walitangaza kwamba utando wa zambarau wa Halobacterium una protini inayofanana na ile ya kuonea iliyomo katika jicho la mnyama. Zote mbili zimeshika retinali, ndugu wa karibu wa vitamini A, kitu kilekile ambacho mwili wetu huunda kutokana na rangi ya karoti na viazi vitamu vya njano. Kijidudu kisicho na jicho kilikuwa na haja gani ya retinali? Jibu lilikuja mwaka 1973: protini hiyo inasukuma protoni kwa nguvu ya mwanga. Iliitwa bakteriorodopsini na jina limebaki, ingawa mwenye nayo ni arkea, ukoo mwingine kabisa na bakteria.

Mwaka 1974 Stoeckenius na Efraim Racker walifanya jaribio ambalo kwangu ni miongoni mwa mazuri kuliko yote katika elimu ya nishati ya seli. Walitengeneza vifuko vidogo vya mafuta, wakapachika humo bakteriorodopsini pamoja na kimeng'enya cha kutengeneza ATP, molekuli ambayo seli hulipia kazi zake, kilichotolewa katika moyo wa ng'ombe. Protini hizo mbili hazina undugu wala hazijawahi kukaa mwili mmoja. Taa ilipowashwa, ATP ikatengenezwa. Kilichoziunganisha ni protoni tu: moja inazirundika upande mmoja wa utando, nyingine inaziachia zirudi huku ikizitumia kama maji yanavyozungusha kinu. Peter Mitchell alikuwa ameitetea hoja hiyo tangu 1961 huku wengi wakimpinga. Tuzo ya Nobel ya kemia aliipata 1978.

Mahali pa kuwatafuta arkea hawa ni penye chumvi kali. Lita moja ya maji ya bahari ina gramu 35 hivi za chumvi. Halobacterium hustawi kwenye gramu 250. Mwaka 1980, baada ya mvua za majira ya baridi kuyapunguzia makali maji ya juu ya Bahari ya Chumvi, arkea wa jamii hii walizaliana hadi kufikia karibu milioni 20 katika kila mililita, maji yakawa mekundu, na Aharon Oren na Moshe Shilo wakaikuta bakteriorodopsini ndani yake. Huku kwetu, Ziwa Magadi na Ziwa Natron yana arkea wao wanaopenda chumvi na magadi kwa pamoja. Mmoja wao, Natrialba magadii, amebeba jina la ziwa hilo la Kenya. Lakini tusichanganye rangi: wekundu wa maji ya namna hii hutokana zaidi na rangi nyingine, bakterioruberini, inayoikinga seli dhidi ya jua. Zambarau ya pampu hujificha nyuma yake. Aidha, si kila arkea wa maji mekundu ana pampu ya protoni.

Maji yenye chumvi nyingi kiasi hicho hushika oksijeni kidogo sana, na Halobacterium huongeza utando wa zambarau pale oksijeni inapopungua. Pumzi ikibana, seli inageukia jua.

Karai mkononi

Pampu yenyewe ni mnyororo mmoja wa asidi amino 248, uliopita utandoni mara saba, huku na huko. Katikati, kwenye asidi amino namba 216 iitwayo lisini, imefungwa retinali. Pampu ikiwa tayari kwa kazi, retinali hiyo imenyooka kama kijiti. Fotoni ikiipiga, inajipinda kwenye kaboni yake ya 13, na tendo hilo huchukua nusu ya pikosekunde. Kazi yote iliyobaki, hadi pampu iwe tayari kwa fotoni nyingine, huchukua milisekunde 10 hivi. Tofauti ya nyakati hizo mbili ni mara bilioni 20. Kama kujipinda kungechukua sekunde 1, mzunguko mzima ungechukua zaidi ya miaka 600: ungeanza wakati Kilwa ikiuza dhahabu ya Sofala na kumalizika leo.

Muda huo wote unatumika kwa nini? Ukitaka kuelewa, kumbuka mafundi wakimwaga zege la ghorofa. Karai halirushwi kutoka chini hadi juu. Linapita mkono kwa mkono, na kila anayelitoa ni lazima apokee jingine. Retinali, pale ilipofungwa kwenye lisini, inashika protoni moja. Jirani yake upande wa nje ni asidi aspatiki namba 85, na jirani wa upande wa ndani ni asidi aspatiki namba 96.

Gizani karai haliendi popote, na kipimo cha sababu yake kinajulikana. Wanakemia hupima nguvu ya kung'ang'ania protoni kwa vizio vya pH. Fungo la retinali lina 13 na kidogo, aspatiki 85 ina 2.5 hivi. Kila kizio ni mara kumi, kwa hiyo uwezekano wa protoni kuhama kwa hiari yake ni mmoja dhidi ya zaidi ya bilioni 10. Retinali ikishajipinda, mizani hiyo inapinduka: fungo linalegea, aspatiki 85 inapata nguvu ya kuvuta, na protoni inahama. Karibu wakati huohuo kundi la asidi glutamiki namba 194 na 204, lililo karibu na mlango wa nje, linaachia protoni nyingine kabisa nje ya seli. Kisha fungo linageukia upande wa ndani, linapokea protoni ya aspatiki 96, na aspatiki 96 inachota mpya kutoka ndani ya seli. Retinali inanyooka tena, aspatiki 85 inalikabidhi kundi la nje protoni yake, na mafundi wote wako tayari.

Kugeuka huko kwa fungo, kutoka kuangalia nje hadi kuangalia ndani, ndiko kunakozuia karai kurudi lilikotoka. Umuhimu wa kila mkono umepimwa kwa kubadilisha asidi amino mojamoja. Ondoa aspatiki 85, pampu inakufa. Ondoa aspatiki 96 tu, pampu bado inafanya kazi, lakini mzunguko uliokuwa wa milisekunde unakokotwa hadi sekunde, kwa sababu fungo linasubiri protoni ijipenyeze yenyewe kutoka mbali.

Matumizi ya fotoni moja

Bakteriorodopsini hufyonza vizuri zaidi mwanga wenye urefu wa wimbi wa nanomita 568, yaani kijani kinachoelekea njano. Utando unaonekana wa zambarau kwa sababu huo wa kijani umefyonzwa, na nyekundu na buluu ndizo zinazotufikia. Fotoni moja ya nanomita 568 ina nishati ya elektroni-volti 2.2. Kuisukuma protoni moja nje ya seli iliyokwisha kuchajiwa hadi milivolti 250, kiwango cha juu kabisa, kunagharimu elektroni-volti 0.25. Kwa hiyo asilimia 11 ya nishati ya fotoni ndiyo inayohifadhiwa. Zaidi ya hapo, si kila fotoni iliyofyonzwa hufanikiwa kuipinda retinali. Katika 100, hufaulu 64 hivi. Jumla inashuka hadi asilimia 7.

Iliyobaki inaishia kuwa joto. Wapo wanaouita huu ubadhirifu, nami sikubaliani nao. Nishati ya ziada ndiyo inayolipia hakikisho kwamba mzunguko unakwenda mbele tu na haurudi nyuma, hata seli ikiwa imechajiwa hadi ukingoni. Pampu inayotumia kila senti ya fotoni ingesimama kila chaji inapopanda kidogo.

Kikwazo kikubwa zaidi hakimo ndani ya pampu. Mzunguko wa milisekunde 10 unaruhusu protoni 100 kwa sekunde, ila jua halileti fotoni kwa kasi hiyo. Tukadirie. Adhuhuri ya jua kali, kila nanomita 1 ya mraba hupokea fotoni 1,200 hivi za mwanga unaoonekana kwa sekunde. Lakini retinali moja, kama shabaha ya mwanga, ina eneo la nanomita za mraba 0.024 tu, tena kwa rangi inayoipenda kuliko zote. Kwa wastani wa rangi zote za mwanga unaoonekana, eneo hilo linashuka hadi 0.01 hivi. Matokeo ni fotoni 12 kwa sekunde, na protoni 8. Zaidi ya tisa ya kumi ya muda wake, hata saa sita mchana, pampu imekaa inasubiri.

Hii ndiyo sababu ya zile wati 0.03. Tabaka moja la utando, hata likiwa limejaa pampu, hufyonza asilimia 0.2 tu ya mwanga wa kijani unaolipitia. Watafiti wanaojaribu kutengeneza retina bandia ya jicho kwa bakteriorodopsini hurundika tabaka 200 hivi, na kwa hesabu hiyo theluthi moja ya mwanga huo inafyonzwa. Jani la mti hutatua tatizo hilohilo kwa kurundika tando zake mamia kwa mamia. Kijidudu chembamba hakina nafasi hiyo.

Seli moja, siku moja

Tutoke mezani tuingie ndani ya seli yenyewe. Halobacterium ni kijiti chenye kipenyo cha nusu mikromita na urefu wa mikromita 4 hivi. Ngozi yake ina eneo la mikromita za mraba 6, na ikibanwa na ukosefu wa oksijeni huweza kulifunika nusu ya eneo hilo kwa zambarau. Pampu hukaa tatutatu, zimepangwa kama sega la nyuki, kwa unadhifu ulioiwezesha picha yake ya pande tatu kuchorwa na Richard Henderson na Nigel Unwin mwaka 1975. Kazi iliyoanzia hapo ilimfikisha Henderson kwenye Nobel ya 2017. Kila pampu huchukua nanomita za mraba 11 hivi, kwa hiyo mikromita 1 ya mraba ina karibu 89,000, na seli nzima inaweza kuwa na pampu zaidi ya 260,000.

Kwa protoni 8 kila moja, seli hiyo inatoa nje protoni milioni 2 kwa sekunde. Linganisha na akiba: ndani ya seli ya ukubwa huo, kwenye pH 7, protoni zilizo huru ukizihesabu mojamoja ni 48 hivi. Nilipoifanya hesabu hiyo mara ya kwanza niliirudia, nikidhani nimekosea sifuri. Sikukosea. Protoni nyingi zimeshikwa na maji na protini, zinaachiwa na kurudishwa bila kukoma, na zilizosukumwa nje zinarudi mara moja kupitia kinu cha ATP. Seli ina biashara ya mamilioni kwa sekunde huku droo ya pesa ikiwa na sarafu 48.

Ngozi ya seli inafanya kazi kama kapasita, nayo ni ndogo. Protoni 100,000 hivi zikitoka bila kurudi, milivolti 250 zimefika. Kwa kasi ya adhuhuri hiyo ni sehemu ya ishirini ya sekunde. Maana yake chaji ya utando haiwezi kuwa akiba ya usiku. Akiba ya Halobacterium iko kwenye potasiamu: seli inajaza ayoni karibu bilioni 2 ndani yake, na kuvuja kwake taratibu husaidia kushikilia volti giza likiingia.

Sasa gharama. Sarafu ya seli ni ATP. Kinu chake hudai takriban protoni 4 kwa kila ATP, kwa hiyo pampu moja ya adhuhuri huingiza ATP 2 kwa sekunde. Kuunda asidi amino moja kutoka kwenye sukari na kuiunga katika mnyororo hugharimu, kwa wastani, ATP 30 hivi. Zidisha kwa 248: pampu moja ni ATP 7,400. Retinali haibadilishi sana bei, maana ina kaboni 20 wakati protini ina 1,200 hivi. Gawa kwa mbili, upate sekunde 3,700. Baada ya saa moja na dakika chache za jua kali, pampu imejilipa. Lakini Halobacterium kwa kawaida hula asidi amino zilizokwisha tengenezwa, na hapo hulipia kuunga tu, ATP 4 kwa kila moja. Gharama inashuka hadi ATP 1,000, na muda wa kujilipa unakuwa dakika 8.

Dakika 8! Paneli ya sola huchukua mwaka hivi au zaidi kurudisha umeme uliotumika kuitengeneza. Ulinganisho huu hauko sawa kabisa, kwa kuwa paneli hudumu miaka 25 na protini haidumu hivyo, lakini unaonyesha mahali ushindi wa pampu ya zambarau ulipo.

Bahari nzima

Hadi mwaka 2000 mambo haya yalionekana kuwa ya maji ya chumvi kali pekee. Mwaka huo Oded Béjà, Edward DeLong na wenzao walisoma kipande cha DNA kilichochukuliwa moja kwa moja kutoka maji ya Monterey Bay, California, wakakuta ndani yake jeni ya pampu kama hii, ya bakteria wa kawaida wa baharini. Waliiita proteorodopsini. Baadaye ikaonekana karibu kila mahali bahari inapofikiwa na jua. Yapo matoleo mawili: moja hupendelea nanomita 525, kijani, na jingine nanomita 490, buluu, ambayo ndiyo hufika chini zaidi katika maji maangavu. Badiliko la asidi amino moja linatosha kuihamisha pampu kutoka rangi moja hadi nyingine.

Miongoni mwa wenye pampu hii ni SAR11, kundi la bakteria wadogo mno ambao idadi yao baharini imekadiriwa kuwa 24 ikifuatwa na sifuri 27. Seli moja inakadiriwa kuwa na pampu 10,000 hivi. Adhuhuri kwenye uso wa bahari hiyo ni ATP 20,000 kwa sekunde. Ujazo wa seli ni kama mikromita za ujazo 0.03, na kwa makadirio ya kawaida ya gharama za ujenzi wa seli, mwili mzima hudai ATP milioni 600 hivi. Siku yenye jua sawa na saa 6 za adhuhuri ingeleta zaidi ya milioni 400. Shuka hadi mahali mwanga umebaki sehemu ya kumi, na mapato ni milioni 43, asilimia 7 ya gharama ya mwili, na pampu yenyewe inahitaji zaidi ya saa 10 za mwanga kujilipa. Seli haiwezi kukua kwa mapato hayo. Lakini kwa seli ambayo siku hiyo haikupata chakula, asilimia 7 ni kodi ya nyumba.

Maabara zimethibitisha kitu kama hicho. SAR11 wakilishwa vizuri, mwanga hauwaongezei kasi ya kukua. Wakinyimwa kaboni, walio kwenye mwanga hubaki na ATP nyingi na ukubwa wa mwili wao, wakati walio gizani hujila wenyewe na kusinyaa.

Tukiilinganisha pampu hii na klorofili, haki inataka tuseme kwamba kwa kila molekuli ya rangi, klorofili inatumia protini kidogo zaidi: mfumo-nuru wa kwanza wa bakteria buluu-kijani una klorofili 96 ndani ya protini zenye uzito wa daltoni 356,000 hivi, yaani 3,700 kwa kila moja, wakati retinali moja hudai protini ya daltoni 27,000. Tena klorofili ndiyo inayojenga sukari, kazi ambayo pampu hizi hazifanyi. Bei kubwa ya klorofili iko kwenye vifaa vinavyoambatana nayo. Mfumo-nuru huo mmoja unahitaji atomi 12 za chuma, na katika sehemu kubwa za bahari chuma ni haba kuliko mwanga. Pampu ya retinali haihitaji chuma hata chembe. Seti nzima, pamoja na vimeng'enya vya kutengeneza retinali, ni jeni 6, na mwaka 2007 ilionyeshwa kwamba jeni hizo zikihamishiwa ndani ya Escherichia coli, bakteria wa utumboni asiyejua jua, naye huanza kutengeneza ATP kwa mwanga.

Mwaka 2019 Laura Gómez-Consarnau na wenzake walichapisha vipimo vya retinali na klorofili katika maji ya Mediterania na Atlantiki ya mashariki. Katika maji yenye virutubisho haba, nishati ya jua inayonaswa na pampu za retinali ililingana na ile ya klorofili, na mahali pengine iliizidi.